Samaki Mdogo Ni Minerval ya Kesho



Leo siandike juu ya kengele wala juu ya usafi wa madarasa. Nataka tuongee juu ya Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilicho upande wa kusini wa Ziwa Edouard. Wengi wetu tunakijua kwa jina tu, sababu ya samaki wanaofika soko ya Kiwanja. Hata hivyo sisi ni majirani: maji ya mto wetu Rutshuru yanaishia katika ziwa lile.

Vitshumbi iko ndani ya Parki. Parki ile ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikapewa jina la Virunga mwaka 1969. Sheria yake hairuhusu watu kulima mule. Upande wa Kongo, vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa ni vitatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Mtu wa Kiwanja akikosa kazi, pengine iko na kashamba ka maharagi. Mtu wa Vitshumbi shamba lake ni maji. Samaki ndiye dawa, ndiye nguo, ndiye shule.

Na kazi hiyo ni ya zamani sana. Kule Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, mtaalamu Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Alipata mfupa wenye alama za kukatwa, wa miaka karibu 20,000, na pia ncha za mifupa za kuchomea samaki. Ziwa lenyewe limebadilishwa majina. Stanley alipita mwaka 1889, akalipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 likaitwa Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, jina la Edouard likarudi. Majina yalienda na kurudi, samaki wakabaki. Lakini leo samaki nao wanapunguka.

Kwa nini? Katikati ya miaka ya 1970 Parki ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kiboko anakula majani usiku inchi kavu, mchana anaacha mavi majini, na mavi ile inakuza vijimea na vidudu ambavyo samaki wanakula. Watu wenye silaha waliwaua sababu ya nyama na meno. Hesabu ya mwaka 2005 haikufika hata 1,000. Chakula cha samaki kikapunguka. Tena kuna nyavu za macho madogo, zinazokokota hata watoto wa tilapia kandokando ya ziwa, mahali wanapokomalia. Tilapia mama anachunga mayai na watoto ndani ya kinywa chake. Ukimkamata wakati ule, umekamata ukoo mzima.

Hapa nataka kuungama. Tulipomaliza trimestri, mimi ndiye nilitumwa kununua samaki ya karamu ya darasa. Nilichagua fungu la tilapia zilizo sawa na kiganja, juu bei ilikuwa chini. Nilijiona mwerevu. Mezani, mwenzetu mmoja ambaye baba yake ni mvuvi aliangalia sahani, akasema polepole: « Mkubwa, hii ilipashwa kuwa minerval yangu ya mwaka kesho. » Wengine walicheka. Mimi sikuweza kucheka, na sikuweza kumaliza chakula.

Mtu atasema: sambaza nazo ni ndogo, mbona tunazikula? Ndugu, sambaza ya Ziwa Kivu ni mtu mzima. Ndiyo kimo chake. Tilapia ya kiganja ni mtoto. Mwingine atasema: masikini hawana pesa ya samaki kubwa. Neno hilo ni la kweli, na siwezi kumhukumu mama mwenye watoto wenye njaa. Lakini sisi kwa karamu tunaweza kununua samaki kubwa mbili, tukazipika na mchuzi mwingi, ama tukala sombe na maharagi. Hakuna aliyekufa sababu ya maharagi. Na mkulima wa hapa, hata akiwa na njaa, anaficha mbegu. Akila mbegu, atapanda nini?

Wengine wanapenda kusema: kosa ni la wavuvi. Ndiyo, wako na kosa. Lakini mvuvi anakokota kile tunachonunua. Katika Mathayo 13, Bwana anasema juu ya wavuvi walioketi pwani wakichagua samaki. Sisi pia tuketi, tuchague.

Vita hatuwezi kuimaliza, na viboko hatuwezi kuwarudisha sisi wanafunzi. Lakini pesa ya karamu iko mikononi mwetu. Basi ninaomba viongozi wa madarasa yote: mukienda sokoni, bebeni kaye. Tilapia iliyo fupi kuliko kaye, muiache. Na muuzaji akiuliza sababu, mumwambie kwa heshima: « Mama, hii ingali mtoto. »

Na wale wanaowaita wenzetu wa ziwani « watoto wa samaki », waache. Sisi wote tumekula mezani pao.

Mungu abariki shule yetu.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho