Afisa Lishe Akija, Mwonyeshe Chungu

Wengi wetu tukisikia neno "lishe" hufikiria nyama, mayai na maziwa, yaani vitu vya kununua. Afisa lishe akifika kijijini tunasema moyoni, "Huyu amekuja kutukumbusha umaskini wetu." Sivyo. Kazi yake ni kuuliza nani anakula nini, mara ngapi, na kwa nini.

Tutazame huku kwetu Mchukwi. Mihogo ipo, minazi na mikorosho ipo, na samaki hutoka delta ya Rufiji. Hata hivyo, kliniki tunapima watoto waliokonda. Wakati wa mpunga mama hushinda dunguni akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto huachiwa bibi au dada yake, na uji mwepesi wa asubuhi ndio huo huo wa jioni. Tumbo limejaa maji, mwili una njaa. Mama huyo hakukosa upendo wala akili. Alikosa wa kumsaidia.

Mtaalamu mwenye busara haanzi kwa lawama. Husema: "Mama, mtoto akitimiza miezi 6, maziwa yako peke yake hayamtoshi, lakini endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Uji uwe mzito, usichuruzike kwenye kijiko. Tia karanga zilizosagwa au tui la nazi. Samaki mtoe miiba, umponde. Ongeza mboga za majani, na embe au papai. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4 kwa siku." Kisha humgeukia baba na bibi, maana nao ni walezi.

Njia hii ilionekana Iringa. Kuanzia mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Wanakijiji wenyewe walipima watoto na kujadili majibu mbele ya viongozi wao: mama akiwa shambani, nani amlishe mtoto? Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache.

Kazi hii yafaa pia binti zetu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha fani hii. Binti mwenye bidii katika biolojia na kemia, na anayejua kusikiliza watu, tumtie moyo.

Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo, hakusahau kuagiza alishwe (Marko 5). Basi jioni ya leo, kabla ya kumlaza mwanao, tumuulize aliyebaki naye: amekula nini, na mara ngapi? Jibu hilo ndilo mwanzo wa lishe bora.