Munganga aandike pia mutu hawezi tena nini

Mutumikaji akiumia ku kazi, jamaa yote inauliza: kampuni italipa? CNSS itatoa feza? Sisi tunauliza neno dogo linalotangulia yote ile: munganga ameandika nini?

Karatasi nyingi ziko na maneno mawili tu, « fracture jambe », ao nambari peke yake, S82, kisha kashe na sinyatire. Nambari ile haiko uwongo. Inatoka mu kitabu cha OMS kinachoitwa CIM-10, chenye kusaidia wanganga wa inchi nyingi kuhesabu magonjwa namna moja. S82 ni muguu kuvunjika chini ya goti. Lakini watu wawili wanaweza kuwa na S82 ile ile: mumoja anarudia mu shimo kisha miezi kidogo, mwingine hata ngazi tatu hapandi tena. Nambari haiwatofautishi. OMS yenyewe iliona shida ile: mu 2001 ilikubali kitabu kingine, CIF, cha kuandika mambo mutu anaweza ao hawezi kufanya. Kwetu, nani amekiona ku meza ya munganga?

Na hapa njo feza inapotelea. Kwa ajali ya kazi, wanapima nguvu iliyopotea kwa asilimia. Ikiwa kubwa, mutu anapewa feza ya kila mwezi. Ikiwa kidogo, anapewa mara moja, basi. Mwenye kupima atatosha asilimia wapi, kama dosie inasema tu mufupa ulivunjika?

Angalia Ufaransa. Kule mutu mwenye kilema akiomba karte ya kusimamisha gari mu nafasi za walemavu, wanataka kujua anatembea metre ngapi. Asiyefikisha 200 iko kati ya wale wanaoweza kuipata. Wengi wetu hatuna gari, parking haiko taabu yetu. Lakini ulizo lile ni la akili, na halilipishi kitu.

Kwa vumbi, mambo inazidi ubaya. Mutu anakohoa, wanaandika TB, anapewa dawa. Labda ni TB kweli. Lakini vumbi la majiwe yenye silisi linaharibu mapafu, na mapafu ya namna ile TB inayashika kwa urahisi zaidi. CIM-10 iko na J62 kwa vumbi lile, hata J65 kwa ugonjwa wa vumbi pamoja na TB. Kama hakuna aliyeuliza « baba, ulitumika wapi, miaka ngapi, ulikuwa unatoboa majiwe? », J65 haitaandikwa, na ugonjwa wa kazi utageuka ugonjwa wa nyumbani. Tena silikozi inaweza kuonekana miaka mingi kisha kuacha kazi. Wamama, zile karatasi za kazi za zamani mu valisi, musiziwashie moto.

Tunajua wanganga wanachoka, na mustari wa wagonjwa ni murefu. Tunajua pia munganga anayelipwa na kampuni hawezi kuandika roho yake ikiwa baridi kabisa. Hata hivi, kutoa sertifika ni kazi ya peke yake. Mu CIM-10 iko hata na nambari yake, Z02.7. Isifanyiwe ku mulango, mugonjwa akiwa anatoka na dawa mu mukono. Mutu aseme tangu kuingia: leo nimekuja kwa sertifika. Na aende na bibi yake. Wanaume wetu, hata mugongo ukiwaka, wanajibu « naendelea muzuri, docteur », na munganga anaandika vile. Bibi anajua kama bwana analala akikaa, kama anashindwa kubeba ndoo ya maji, kama anasimama mara ngapi kabla ya kufika ku barabara.

Creuseur, yeye, hana mukubwa wa kutangaza ajali yake. Lakini sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda kila mutu mwenye kilema, awe na kontra ao hapana. Kwake karatasi ya lopitali inaweza kuwa shahidi mumoja tu aliyebaki.

Kwa makampuni tunaomba kitu kimoja: kopi ya dosie ipewe mutumikaji siku ile ile, mbele haijafungiwa mu biro.