Gari umelinyanyua, shokapu umepima?

Haya washikaji, leo tunaingia uvunguni. Na dada zangu msifungue ukurasa mwingine, maana siku hizi nawaona nanyi mmekalia usukani wa mkonga, tairi kubwa, miwani myeusi, nyuma vumbi tupu. Kitu bomba!

Tuseme unayo Land Cruiser ya 70, ile ambayo Toyota wanaitengeneza tangu 1984 na hadi leo hawajaichoka. Fundi kakuwekea springi mpya, gari limepanda sentimita 5, mtaa mzima unageuza shingo. Poa. Sasa unashuka Gerezani kutafuta shokapu. Unaingia dukani, unaegemea kaunta, unasema: "Bosi, nipe za mkonga." Naye bosi, ambaye gari lako hajaliona, anakushushia maboksi manne. Unalipa, unatimua.

Hapo umeliwa, ndugu yangu. Na umeliwa hata kama mzigo ni orijino kabisa kutoka Japani, kwa sababu shokapu ya kiwandani ilipimwa kwa gari la urefu wa kiwandani. Lako siyo tena. Halafu "za mkonga" zenyewe si aina moja. Mwaka 1999 Toyota waliyageuza haya magari ya kazi kwa mbele, wakatoa springi za bapa wakaweka za koili. Muuzaji asiyekuuliza gari lako ni la mwaka gani, mwogope.

Tuelewane kwanza, maana vijiweni jambo hili linapotoshwa kila siku. Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kumtuliza springi asidunde kama mpira: ndani mna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ule mdundo unageuka joto. Kwa hiyo mtu anayekwambia "weka shokapu ndefu gari lipande" anakuzuga mchana kweupe.

Sasa ukinyanyua gari kwa springi, ekseli inakaa mbali zaidi na chesisi. Shokapu ya zamani inabaki imevutika karibu mwisho hata gari likiwa limesimama. Tairi likitumbukia kwenye shimo, ekseli nzima inaning'inia kwenye shokapu, na pistoni inagonga kifuniko. Mara moja, mara mbili, mara mia. Siku moja sikio la shokapu linakatika, au kiti chake kwenye chesisi kinang'oka, nawe uko kwenye kona una watu watano ndani.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili, wananunua ndefu kuliko zote zilizopo dukani. Ndiyo balaa lenyewe! Shokapu ndefu mno inafika mwisho wa kujikunja kabla ekseli haijagonga ile raba iliyo chini ya chesisi. Raba imewekwa pale ipokee kipigo. Shokapu ikitangulia kufika, inapokea chuma kwa chuma: fimbo inapinda, sili inapasuka, oili inamwagika.

Dawa ni futi, basi. Egesha gari kwenye sakafu iliyonyooka, na mzigo wako wa kawaida ndani. Pima kutoka tundu la boliti ya juu ya shokapu hadi la chini. Tuseme umepata sentimita 50. Pima nafasi kati ya ekseli na ile raba, tuseme 9. Ukitoa, inabaki 41, na raba nayo hujibonyeza kama sentimita 2 hivi, inabaki 39. Maana yake shokapu yako ikijikunja yote lazima iwe fupi kuliko 39. Ukipata ya 37 unalala usingizi. Kisha nyanyua chesisi kwa jeki, weka stendi madhubuti (si tofali, tafadhali), fungua shokapu upande mmoja, acha ekseli ining'inie, pima tena. Ikija 60, tafuta inayofunguka 61 au zaidi kidogo. Hesabu hii ya kutoa ni ya shokapu iliyosimama wima. Kama yako imelala, mwambie fundi akunje ekseli mpaka kwenye raba na apime palepale.

Ukiwa bado uvunguni na ekseli inaning'inia, tazama mpira wa breki. Kama umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, acha habari za shokapu kwanza ukanunue mpira mrefu. Hili watu wengi hawaligusi kabisa, na breki ikikatikia kwenye mteremko wa Kitonga, shokapu ya gharama haitakusaidia kitu.

Namba unazo, nenda nazo dukani zimeandikwa kwenye karatasi. Watakushangaa, waache washangae.

Jambo la pili ni ugumu. Springi ya kubeba mzigo wa kilo 300 inarudi juu kwa nguvu, ukiiwekea shokapu laini gari litakurusha kama punda. Kinyume chake, springi laini na shokapu ngumu mno vikikutana kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, springi haipati nafasi ya kurudi, gari linazidi kuzama chini na mgongo wako unajua. Ndiyo maana watu kama Old Man Emu wa Australia wanauza springi na shokapu zilizopangwa pamoja kwa uzito fulani. Mwambie muuzaji ukweli wa mzigo wako, usijisifu. Ukisema unabeba nusu tani kumbe unabeba spika na shemeji, umejiponza.

Kuna zile za silinda moja zenye gesi ya presha kubwa, ambazo Bilstein wa Ujerumani walizifunga kwenye Mercedes-Benz mwaka 1957, na zile za silinda mbili, moja ndani ya nyingine. Ya silinda moja inapoa haraka, na oili yake haitoi povu kirahisi. Kwa anayepiga ile njia ya Ngorongoro hadi Naabi kila wiki, hiyo ndiyo yenyewe. Lakini jiwe likiibonyeza kwa nje, pistoni inakwama. Ya silinda mbili inavumilia kubonyea kidogo, na bei yake ni ya kibinadamu. Kwa mtu wa Dar anayekwenda shamba Kibiti mwisho wa mwezi, mimi namwambia achukue silinda mbili ya gesi, nzuri, abaki na hela ya mafuta. Vile vibuyu vya pembeni ni kwa wanaokimbiza gari jangwani. Foleni ya Mwenge hainyweshi oili povu.

Feki zimejaa. Linganisha namba ya boksi na ile iliyogongwa mwilini mwa shokapu. Isimamishe wima, ikandamize: ya gesi inapanda yenyewe taratibu. Ikiwa inapwaya katikati, mrudishie.

Siku ya kufunga, usikae kibandani unakunywa soda. Mafundi wengine wanaishika ile fimbo inayong'aa kwa praizi ili wakaze nati. Mkwaruzo mmoja tu unakata sili, na baada ya mwezi unaambiwa ulinunua feki. Ukiona praizi inasogea, mshike mkono.

Na ukitoka safari ya vumbi, gusa zote nne kwa tahadhari, kwa sababu zitakuwa za moto. Iliyo baridi ndiyo iliyokufa. Zibadilishe mbili mbili, mbele au nyuma.

Wiki ijayo tunaongea matairi.