Kifurushi cha Kuletea Kifurushi

Jioni moja ya mwaka 2019, siku ya kuamkia mtihani wa majaribio, mwalimu kijana wa hisabati alinipigia simu. Wakati huo nilikwisha kustaafu ukuu wa chuo, lakini nyumba yangu haiko mbali na chuo kimoja cha ualimu, na walimu wa pale hawaoni haya kumwita mzee usiku.

"Shikamoo Mkuu. Karatasi imegoma."

"Marahaba. Imegoma namna gani?"

"Nyumbani kwangu inatoka. Hapa ofisini haitoki."

Nikavaa koti nikaenda. Kijana alikuwa ameandaa karatasi yake kwa LaTeX, akaileta kwenye kompyuta ya ofisi yenye mashine ya kuchapia. Kompyuta ikasema haina enumitem, kifurushi kidogo cha kupanga maswali kwa namba na herufi. Ikauliza: nikakilete? Tukakubali. Ikaenda kukileta isirudi. Intaneti ya ofisi ilikuwa imekatika siku kadhaa. Kijana akaiunganisha na simu yake, salio likaisha mashine ikiwa bado inasoma orodha ya ghala. Maduka yamefungwa. Asubuhi watahiniwa walipewa fotokopi ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, michoro ya pembetatu ikiwa imepinda, na mwalimu yule akaandikiwa barua ya kujieleza.

Barua ile ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa kosa la ushauri tunaopewa kila siku na watu wanaojua mengi kuhusu kompyuta na machache kuhusu sisi.

Kwa msomaji asiyezijua programu hizi, nieleze kwa ufupi. TeX (hutamkwa Tek) ni programu ya kupanga kurasa za vitabu. Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alianza kuibuni mwaka 1977 baada ya kuchukizwa na sura ya kurasa za kitabu chake mwenyewe zilizotoka kwa wachapaji. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akajenga juu yake LaTeX, ili mwandishi aseme tu "hapa ni sura, hapa ni jedwali," vipimo vijipange vyenyewe. Hazitozwi hata senti moja. Tangu hapo watu wa mataifa mengi wameandika nyongeza zao, hii ya rangi, hii ya michoro ya jiometri, hii ya kanuni za kemia, na kuziweka katika ghala kuu liitwalo CTAN. Leo ghala hilo lina zaidi ya vifurushi 6,000.

Nasema vifurushi, na hapo naona mtaanza kucheka. Neno hilo makampuni ya simu yamekwisha kulimiliki. Ukimwambia kijana wa leo "nunua kifurushi" ataelewa dakika na megabaiti. Basi hali yetu ndiyo hiyo hasa: ili upate kifurushi sharti kwanza ununue kifurushi.

Wataalamu husema: weka programu ndogo, mengine yatakuja yenyewe yakihitajika. MiKTeX inaweza kufanya hivyo, na katika mji wenye intaneti isiyolala ni utaratibu mzuri, sibishi. Lakini tujiulize, "yakihitajika" maana yake ni lini? Ni saa ile unapofanya kazi, na kazi ya mwalimu hufanyika usiku, siku ya mwisho, umeme ukiwa umerudi kwa saa mbili. Utaratibu huo unachukua upungufu wote ambao ungeweza kuutambua mwezi mmoja kabla, unauficha, kisha unakufumbulia siku ya kuchapa.

Sisi tuliofundisha wakati wa mashine za kudurufu tulikuwa na stensili, wino na karatasi za rimu. Hakuna aliyesubiri usiku wa mtihani ndipo aende mjini kutafuta wino. Mtunza stoo alikuwa na leja, na mwisho wa mwaka tulihesabu mali, hata vifutio. Vijana walituona wagumu. Lakini mtihani ulitoka.

Leo hakuna leja. Chukua faili ya mwalimu yeyote uitazame kichwani: utakuta vifurushi ishirini, thelathini, na ukimwuliza hiki ni cha nini atasema, "Nilikikuta." Alinakili kichwa cha faili kutoka kwa rafiki, naye rafiki alinakili kutoka kwa mwingine. Humo mna viwili vinavyofanya kazi ileile na kugombana. Mna xcolor iliyoitwa mara mbili kwa masharti tofauti, nayo programu inakataa kwa haki. Mna hyperref iliyowekwa juu kabisa, wakati desturi ni kuiweka karibu na mwisho, kwa kuwa huwarekebisha waliotangulia. Faili ya kijana wetu ilikuwa na vifurushi 26. Siku ya pili tulikaa tukafuta kimoja kimoja tukitazama kama ukurasa utabadilika. Vilibaki tisa. Enumitem ilikuwa miongoni mwa hivyo tisa, kwa hiyo siwezi kudai kuwa usafi peke yake ungetuokoa. Ungetuonyesha tu mapema kwamba tunaitegemea.

Na leja yenyewe imo ndani ya programu. Andika amri \listfiles juu ya faili, nayo itatoa orodha ya kila kifurushi kilichotumika, pamoja na tarehe ya toleo lake. Ni mstari mmoja. Laiti ningekuwa bado mkuu wa chuo nisingepokea karatasi ya mtihani bila orodha hiyo.

Sasa nije kwa ndugu zangu wa kusasisha kila siku. Hawa ukiwaambia kazi imegoma, jibu lao ni moja: sasisha. Mabadiliko mengine ni mema, nakubali. Mwaka 2018 LaTeX ilifanya UTF-8 kuwa namna ya kawaida ya kusoma herufi, jambo lililochelewa mno. Lakini faili za kale zilizohifadhiwa kwa mtindo mwingine bila kuutaja zikaanza kulalamika. Toleo la Oktoba 2020 likaingiza ndani ya kiini mambo yaliyokuwa kifurushi cha pembeni. Mtu mwenye kitabu nusu, ambaye anasasisha leo kwa sababu tu kitufe kipo, anabadilisha msingi wakati ukuta umefika dirishani.

TeX Live, mkusanyiko mwingine ulioanza 1996 na ambao siku hizi hutolewa kila mwaka, una utaratibu ambao wengi huulaani, nami ninausifu. Toleo jipya la mwaka likikaribia, la zamani hufungwa. Meneja wake wa vifurushi, tlmgr, ukimwelekeza kwenye ghala la mwaka mpya kutoka toleo la mwaka jana, hukataa. Vijana huona amewafungia mlango. Mimi naona amekamilisha hesabu za mwaka, na kitabu kilichoandikwa juu ya mkusanyiko ule kitatoka vilevile miaka kumi baadaye, mradi umeutunza.

Ndiyo maana ninashauri, na nimegombana na wengi juu ya hili: chukua mkusanyiko mzima, mara moja kwa mwaka, mahali penye intaneti nzuri, uuweke katika flashi. Wataniambia ni upotevu, unabeba gigabaiti kadhaa nawe unahitaji vifurushi kumi. Kweli. Lakini nafasi kwenye diski hununuliwa mara moja na bando hununuliwa kila siku. Tena wanasahau kwamba mkusanyiko mzima huja na vitabu vya maelezo. Ukiandika texdoc na jina la kifurushi, maelezo hufunguka bila intaneti. Wakati wa kuweka, programu hukupa nafasi ya kuviacha vitabu hivyo ili kuokoa diski. Usiviache. Kwa mwalimu aliye kilomita nyingi kutoka mjini hiyo ni maktaba.

Na jambo linaloniudhi kuliko yote: tumepewa ruhusa ya kunakili na hatuitumii. Programu hizi ni huria. Chuo chenye walimu arobaini kinaweza kupakua mara moja na kugawiana, hata kumwelekeza tlmgr achukue vifurushi kwenye folda ya flashi badala ya ng'ambo. Badala yake kila mmoja analipia kivyake kuleta kitu kilekile ambacho jirani yake mezani anacho tayari. Programu za kulipia tunaziiba mchana kweupe. Hii tuliyoruhusiwa tunaona haya kuiomba.

Mwaka 2020 kijana wa ndugu yangu alinipakulia mkusanyiko huo Dar es Salaam akautuma kwa basi. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu hapo. (Anayetaka kuiga aangalie: flashi nyingi ndogo huja na mpangilio wa FAT32, usiopokea faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi, na faili ya diski nzima ya miaka ya karibuni imepita hapo.) Kila flashi ina bahasha yake yenye mwaka juu, zimo katika kabati la sebuleni pamoja na vyeti. Yule mwalimu wa hisabati huja Jumamosi na kompyuta yake, na siku hizi huja na wenzake wawili. Ya 2022 waliiazima mwezi Machi, na hadi ninapoandika bahasha yake ni tupu.