Msimamizi wa Mlangoni Hakai Bure

Mwandishi aliyedai kwamba mzimamoto anayesimamishwa mlangoni pa jengo linaloungua akiwa na ubao, akisajili jina la kila aingiaye, saa yake na kadiri ya hewa iliyomo mtunguni, ni nguvu iliyopotezwa kwa kuwa kila mmoja ana geji yake ya hewa, ameghafilika na jambo zito: geji humpasha habari aliyeivaa tu, naye akizirai gizani, ni nani atakayejua kwamba muda wake umekwisha? Wazimamoto wawili walipofariki katika ghala za chini za soko la nyama la Smithfield, London, Januari 1958, ndipo Uingereza ilipohimizwa kushika kwa dhati vibati vya majina na ubao wa udhibiti. Aliye mlangoni hukokotoa saa ya kila kikosi kutoka, na mtu asipoonekana kwa wakati, huwaita papo hapo waokoaji waliokaa tayari. Huyo simwondoi nimpe mpira wa maji, ajapokuwa ndiye wa mwisho niliyebaki naye.