Mgeni na Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hii hutajwa kwa kicheko katika mabaraza, kana kwamba iliwekwa ili kuwafukuza wageni wavivu. Maana yake ni kubwa kuliko hivyo. Siku mbili za kwanza mgeni ni mzigo unaobebwa kwa staha. Siku ya tatu huhesabiwa mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba huonyeshwa shamba. Jembe, basi, ni heshima. Walakini methali imeweka sharti ambalo wengi hulipita bila kuliona: jembe hutolewa na mwenyeji. Mgeni haji nalo begani, wala hajichagulii mahali pa kulima. Sharti hilo dogo ndilo linalovunjwa kila mara utumishi wa wageni unaposifiwa katika Afrika ya Mashariki, na ndilo linalostahili kutetewa.

Achukuliwe mfano wa kijana wa miaka 19, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi huliita kanisa la Wamormoni. Kanisa hilo liliundwa Marekani mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City katika jimbo la Utah. Kanuni zake juu ya wamisionari vijana ni kali na zinajulikana. Mwanamume hutumika miaka 2, mwanamke miezi 18. Hapati mshahara, aghalabu yeye na jamaa zake huchangia gharama ya makazi. Haruhusiwi kwenda peke yake: hupewa mwenzi, hukaa naye nyumba moja, hutembea naye na kusali naye; kisha, baada ya majuma machache au miezi michache, mmoja huhamishwa na mwingine huletwa. Siku moja katika juma huachwa kwa kufua nguo, kununua chakula na kuandika nyumbani. Siku zilizobaki ni za kuhubiri na za kutumikia.

Kijana wa namna hiyo na awekwe Masama, katika wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa Machame, ambako vihamba vya migomba na kahawa hupanda mlima na maji ya mifereji hushuka kutoka msituni. Juma hilo amepata wenzi wapya wawili, mmoja ametoka Kongo na mwingine Kenya. Jumanne wanabeba samadi ya mjane kutoka zizini hadi migombani. Jumatano wanapaka chokaa ukuta wa jirani yake. Alhamisi wanarudi kwa mjane na mapanga, wakapunguze machipukizi ya migomba. Jumapili wanasali. Jumatatu kijana anawaandikia wazazi wake kwamba juma lilikuwa la baraka, kwamba watu ni maskini lakini wana furaha, na kwamba amejifunza maana ya utumishi. Barua inasomwa Utah kwa machozi ya furaha.

Mjane haandiki barua. Kama angeandika, pengine angetaja samadi kwa shukrani, maana kubeba samadi ni kazi ya mgongo na mgongo wa kijana ni bora kuliko wake. Pengine pia angetaja machipukizi. Shina la mgomba huachiwa machipukizi machache yenye umri mbalimbali, ili mgomba uliozaa urithiwe na mwingine, na huo na mwingine tena. Ajuaye lipi liachwe ni yule aliyelitazama shina hilo miaka mingi. Akatwaye chipukizi lisilopasa kukatwa hapotezi jani. Hupoteza mkungu wa mwaka ujao. Mgeni aliye na panga, asiye na lugha ya kuuliza, na mwenye haraka ya kutenda mema, aweza kukata chakula cha nyumba huku akitabasamu, na mwenye nyumba, kwa adabu, akatabasamu pia. Hasara kama hiyo haionekani katika barua yoyote.

Watetezi wa utumishi wa namna hii wana maneno yao, na ni haki yasikilizwe. Watasema kijana huyo ameacha starehe ya kwao katika umri ambao wenzake wanatafuta elimu na mali. Ni kweli. Watasema hatafuti faida ya kidunia. Ni kweli pia. Watasema kanisa lake, ambalo hadi Juni 1978 liliwanyima wanaume weusi ukuhani, leo humlaza kijana mweupe na kijana mweusi chini ya paa moja, wakila chungu kimoja na kugawana kazi, na kwamba jambo hilo si dogo. Si dogo hata kidogo. Lakini sifa hizi zote ni sifa za mtumishi. Zinaeleza alichoacha, alichotoa, alichojifunza na jinsi alivyobadilika. Swali la utumishi ni jingine: aliyetumikiwa amepata nini, na nani amemwuliza? Mizani ya mganga ni afya ya mgonjwa. Mizani ya mtumishi ni hali ya mtumikiwa. Utumishi unaopimwa kwa moyo wa mtendaji ni mazoezi ya roho. Mazoezi ya roho ni mema, lakini yaitwe kwa jina lake, na uwanja wake usiwe kihamba cha mjane.

Kuhusu majina, kuna jambo ambalo mwenye sikio la Kiswahili hawezi kulinyamazia. Kijana huyo huitwa Mzee. Kanisa lake lina cheo ambacho wafasiri wamekitia katika neno hilo, na kwa desturi yao hakuna kosa. Lakini Masama neno mzee lina wenyewe. Huchumwa pole pole, kwa kuzika wazazi, kuoza watoto, kuamua ugomvi wa mipaka na kukumbuka mfereji ulichimbwa na ukoo gani. Mtu mwenye mvi akimwamkia kijana wa miaka 19 kwa jina la Mzee, mmoja wao amepewa kisicho chake. Kijana mwenye busara angelibeba jina hilo kama koti la kuazima, kwa kuogopa kulichafua, na angekaa chini kwenye kigoda akaulize wenye koti hulivaaje.

Vivyo hivyo kahawa. Kanisa la kijana huyo huwakataza waumini wake kunywa kahawa, na hiyo ni ibada yao ambayo haimpasi mtu kuidhihaki. Lakini amekuja katika nchi ambayo kahawa iliijengea madarasa na kuilipia karo. Wakulima wa Kilimanjaro walijiunga katika chama chao mwaka 1925 ili kuilinda kahawa yao, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaanzishwa. Mgeni anayepita kati ya mibuni hiyo akijua tu kwamba kinywaji chake ni haramu kwake, bila kujua kwamba ni historia kwa mwenyeji, amepita gizani mchana.

Yote haya yangesameheka kama kungekuwa na muda. Ubaya wa utaratibu huu umo katika mabadiliko yake ya upesi, na hapo ndipo neno mwenzi linapodai haki yake. Kanuni ya kutompeleka mtu peke yake ina hekima: humzuia asijipende, humpa shahidi, humlazimisha kuvumilia tabia isiyo yake. Lakini mwenzi hapatikani kwa kupangiwa. Huundwa na mwendo, na mwendo hutaka siku. Na zaidi ya hayo, kwa nini mwenzi wa mgeni awe mgeni mwingine? Kijana wa Utah na kijana wa Kongo ni wageni sawasawa mbele ya shina la mgomba la Masama. Mwenzi anayepungua katika hesabu hiyo ni mwenyeji.

Historia ya mlima huu inathibitisha. Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, hakufika pale kwa miguu yake tu. Alifuatana na kiongozi wa misafara, Bwana Kheri, ambaye, alipoulizwa juu ya weupe ule wa kileleni, aliuita baridi. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa mezani mwao walibisha miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Bwana Kheri alikuwa amekwisha kutoa jibu kwa neno moja. Rebmann huyo alikaa Rabai karibu miaka 29. Kamusi yake ya lugha ya Kinyanja aliipata kwa mtumwa aliyeitwa Salimini, na alipopofuka, mkono uliomwongoza hadi Ulaya mwaka 1875 ulikuwa wa Isaac Nyondo, Mwafrika wa pwani. Jina la Rebmann limo katika kila kitabu cha safari za mlima. Majina ya wenzi wake hutafutwa kwa taa.

Masama yenyewe ina ushahidi wake. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Bruno Gutmann alifanya kazi Masama kabla ya kuhamia Old Moshi. Alikuja chini ya kivuli cha dola iliyomnyonga Mangi Meli mwaka 1900, na kivuli hicho hakiondolewi kwa sifa. Hata hivyo alikaa. Alijifunza Kichagga, akasikiliza wazee, akaandika sheria zao na mafundisho ya jando lao katika vitabu vizito, kimoja juu ya sheria mwaka 1926 na vitatu juu ya mafundisho kati ya 1932 na 1938. Walakini hata yeye asipite bila kuhesabiwa. Vitabu hivyo aliviandika kwa Kijerumani. Maneno yaliyotoka vinywani mwa wazee yalikwenda kukaa katika maktaba ambazo wajukuu wao hawakuweza kuzisoma. Ikiwa mtu aliyetumia miaka mingi ya umri wake mlimani aliweza kuondoka na mavuno kwa namna hiyo, yule wa majuma sita ataacha nini?

Kipimo kilikuja mwaka 1920. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Wengi wangetazamia makanisa yafe. Hayakufa. Walimu na wainjilisti Wachagga, ambao barua za kizungu ziliwaita wasaidizi, waliendelea kufundisha, kubatiza watoto wa imani yao kwa maneno na kuzika wafu wao. Mwaka 1963 lilipoundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mtu wa mlima huo huo. Basi ilidhihirika nani alikuwa msaidizi wa nani. Kazi ya mgeni iliyobaki baada ya mgeni kuondoka ni ile tu iliyokuwa imekwisha kuwa ya mwenyeji.

Kutokana na hayo wako wanaohitimu haraka kwamba wageni wote wafungiwe njia. Wamekosea kwa upande wa pili. Nchi isiyopokea mgeni haijui hata yenyewe ikoje, na kijana aliyevuka bahari ili abebe samadi ana kitu ambacho vijana wengi wa mijini, waliozaliwa katika vihamba hivyo hivyo, wamekipoteza: nia ya kuinama. Mgongo wake usidharauliwe. Wanaomcheka kutoka vibarazani vya Moshi na Arusha, huku migomba ya mama zao ikisongwa na magugu, wajiulize kwanza wamebeba samadi lini.

Lawama kubwa, kwa kweli, ni ya wenyeji. Mwenyeji ndiye aliyelishika jembe na kulificha. Humkalisha mgeni kwenye kiti kizuri, humpa ndizi zilizoiva, humwitikia kila asemalo, na akiondoka humsema. Adabu ya namna hii ina sumu: humnyima mgeni ukweli, na humnyima mwenyeji mamlaka juu ya shamba lake. Mama aliyeona panga likikaribia chipukizi lisilopaswa kukatwa, akanyamaza kwa sababu mkataji ni mgeni, ametoa mkungu wake kuwa sadaka kwa haya. Wahenga hawakuwa na haya hiyo. Siku ya tatu walitoa jembe na kusema: lima hapa, namna hii, na pale usiguse.

Basi wenyeji wa Masama, na wa kila mahali panapopokea watumishi wa juma moja, wadai mambo matatu. La kwanza, lugha: mgeni asikabidhiwe panga kabla hajaweza kuuliza lipi likatwe, na Kiswahili chake kifuatwe na maneno ya Kichagga cha nyumba aliyomo. La pili, kazi ipangwe na wenyeji. Mkoa wa Kilimanjaro unalo neno msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji au kutengeneza barabara, ambayo siku yake huwekwa na wenyewe na mwenye kuzembea huulizwa. Mgeni na aingie humo, katika mstari, kati ya mzee wa kweli na kijana wa rika lake. Hapo atapata mwenzi asiyehamishwa. La tatu, hesabu: juma likiisha, mtumikiwa aulizwe kwanza, na maneno yake yatangulie katika barua.

Kijana atakayetumika hivyo ataandika nyumbani barua fupi kuliko ya awali. Pengine itakuwa na habari moja tu: kwamba Alhamisi alikosea, akakaripiwa na mama mmoja mbele ya watu, akaonyeshwa chipukizi la kuachwa. Wazazi wake wasisikitike wakiisoma. Siku hiyo mwana wao alipewa jembe.