Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Kila kiongozi anaposimama kututangazia kwamba nchi ina chakula cha kutosha, hutaja tani za mahindi. Mchicha hautaji. Embe halitaji. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua na kutunza nafaka, nasi tukajiaminisha kwamba ghala likijaa, taifa limeshiba. Tunajidanganya!

Nendeni Iringa mkaione aibu yetu. Pale Ilula, wilayani Kilolo, msimu ukikolea nyanya hujaa kando ya barabara kuu, za ndooni kwa wapita njia, za kwenye matenga zikisubiri fuso la Dar es Salaam. Dalali hupanga bei aitakayo, maana anajua mkulima hana pa kuziweka. Asipouza leo, kesho zinatoa maji. Zinazopata gari husafiri zaidi ya kilomita 400, tenga juu ya tenga, na za chini hushushwa sokoni zikiwa rojo. Mkoa huohuo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kitaifa ni 30. Udumavu una sababu nyingi, sikatai, lakini ugali mkavu asubuhi na jioni ni mojawapo, na ndio huo tunaoupigia makofi tukihesabu magunia.

Msiniambie hatuna utaalamu. Parachichi la Njombe liendalo Ulaya hupozwa, hupangwa kwenye maboksi na kupakiwa katika kontena la ubaridi. Kwa mlaji wa ng'ambo tunaweza. Kwa mtoto wetu tunaleta visingizio.

Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Basi fedha hizo zijenge vyumba vya ubaridi vya umeme wa jua pale pale mazao yanapokusanywa. Matenga yapishe kreti za plastiki. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ipigwe faini kweli, si kwa matamko. Miradi ya umwagiliaji imfikie mkulima wa bustani, ili mboga zisifurike mwezi mmoja na kuadimika unaofuata.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku. Wabunge, mwulizeni waziri Mtanzania anapata gramu ngapi, na mwakani atapata ngapi. Akikosa jibu, zuieni shilingi ya mshahara wake.